Fukusi wa milimita tatu: pete, Raynox, Laowa au lenzi ya hadubini?

Mama mmoja anayeuza mahindi soko la Mwanjelwa, Mbeya, alinifungulia kiroba, akachota kiganja cha punje zenye vumbi, akaniuliza: "Baba, wewe mwenye kamera, huyu ni fukusi au ni Skania?" Skania ni jina ambalo wakulima wengi wamempa dumuzi. Nikapiga picha kwa lenzi yangu ya makro, ile ya kawaida inayofika mara 1, nikamwonyesha kwenye kioo. Punje zilionekana, vumbi lilionekana, na katikati palikuwa na doa la kahawia lenye miguu. Mama akacheka. "Hiki hata mimi nakiona kwa macho yangu."

Alisema kweli. Fukusi wa mahindi ana milimita 3 hivi, na dumuzi hayuko mbali na hapo. Kinachowatofautisha kiko mbele: fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, wakati dumuzi mwili wake umeviringana kama kipande cha kijiti, na kichwa kimejificha chini ya ngao ya shingo, hivi kwamba ukimtazama kwa juu utadhani hana kichwa kabisa. Ili mtu alione hilo kwenye picha bila ubishi, lazima upande juu ya mara 1: mara 3, mara 4, mara 5. Kupanda huko ndiko kulikonigharimu. Vifaa vingine nimeshaviuza kwa hasara, vingine ninavyo mpaka leo, na hapa naviweka bega kwa bega kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua akiwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako duka la karibu lenye vitu hivi mara nyingi ni basi la kutoka Dar.

Mara ngapi, na kwa gharama gani

Ukuzaji wa mara 1 maana yake mdudu wa milimita 3 anachukua milimita 3 kwenye kihisi cha kamera, ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Kwa mara 5 anachukua milimita 15. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36. Kile kidogo kilichomo kwenye Canon nyingi za bei ya kati ni milimita 22 na kidogo. Usihangaike na maandishi ya kwenye boksi, hasa ya vile vilenzi vya kubana kwenye simu vinavyojiita mara 100. Piga picha rula. Kama fremu ya milimita 36 imejazwa na milimita 7 na kidogo za rula, uko mara 5. Kama imejazwa na 18, uko mara 2, hata muuzaji aape.

Ukishapanda, vitu viwili vinapungua kwa kasi. Cha kwanza ni mwanga. Namba ya f unayoiona kwenye lenzi (ndiyo kipimo cha tundu la kupitishia mwanga; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) siyo inayofanya kazi: chukua ukuzaji, jumlisha 1, kisha zidisha kwa namba hiyo. Lenzi ya f/2.8 kwa mara 5 inafanya kazi kama f/16.8. Ukiibana hadi f/8 ukidhani unaongeza ukali, umefika f/48, na hapo mwanga unapopita kwenye katundu kadogo namna hiyo unatawanyika na picha nzima inakuwa laini kama imepakwa mafuta. Kosa hili nimelifanya mwaka mzima.

Cha pili ni kina cha fokasi. Kwa mara 5 na f/2.8, sehemu iliyo kali ina unene wa kama milimita 0.05. Hapo tunaongelea unywele wa binadamu. Jicho la fukusi likiwa kali, mkonga umepotea; mkonga ukiwa mkali, jicho limekuwa ukungu. Ndiyo maana watu hupiga picha nyingi, kila moja ikisogea kidogo, halafu programu inazirundika kuwa moja.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza lenzi ipi, mimi nakuuliza: mdudu wako yuko hai au amekufa? Wa mezani, aliyekufa, atakusubiri upige picha mia. Wa shambani, aliye hai, anakupa sekunde mbili. Vifaa vya hao wawili havifanani, na fedha nyingi nilizopoteza nilizipoteza kwa kununua cha mezani nikaenda nacho shambani.

Pete za kurefushia na kugeuza lenzi

Hizi ndizo njia za bei ya chini. Pete za kurefushia ni mikebe mitupu isiyo na kioo ndani, unaifunga kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawa urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Seti ya Kenko ya 12, 20 na 36 inajumlisha milimita 68. Kwenye lenzi ya milimita 50 inakuongezea mara 1.36. Kwenye lenzi ya 200 haikupi hata nusu. Basi pete zinapenda lenzi fupi.

Nunua zenye vidoti vya shaba vya kupitisha umeme. Seti yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni bila kuangalia, ikaja bila vidoti. Kamera ikawa haiioni lenzi, ikaandika 00 mahali pa namba ya f, na tundu likabaki wazi siku zote. Muuzaji akaniambia ndivyo zilivyo, na kweli ndivyo zilivyokuwa. Maelezo yalikuwepo, sikuyasoma.

Kugeuza lenzi ni jambo la ajabu linalofanya kazi kweli. Pete ya kugeuzia inafungwa kwenye nyuzi za filta mbele ya lenzi, kisha lenzi inakaa kinyumenyume kwenye kamera. Kadiri lenzi ilivyo fupi ndivyo inavyokuza zaidi. Ya milimita 50 inakupa karibu mara 1, ya 28 inapita mara 2, na ile 18–55 iliyokuja na kamera, ukiiweka kwenye 18, inaruka hadi mara 3 au zaidi. Kwa bei ya pete moja ya bati! Nafasi kati ya mdudu na lenzi ni kama sentimita 4, na haibadiliki sana hata ukuzaji ukibadilika, jambo ambalo pete za kurefushia hazikupi.

Adha yake ni tundu. Lenzi ikigeuzwa haiongei tena na kamera. Wenye Nikon watafute lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono. Zile mpya zenye herufi G zikitolewa kwenye kamera tundu hujifunga hadi mwisho, na utalazimika kukichokonoa kijiwiko cha nyuma kwa kipande cha karatasi. Wenye Canon wana ujanja wao: weka f/5.6 lenzi ikiwa imefungwa kawaida, bonyeza kitufe cha kuonjea kina cha fokasi, na ukiwa bado umekibonyeza, chomoa lenzi. Tundu linabaki hapo lilipo. Adha ya pili ni kwamba ule upande wa nyuma wa lenzi, ulio laini na usio na kinga, sasa ndio uko mbele unatazama vumbi la Mbeya la mwezi wa tisa.

Kama unaanza na huna uhakika kama kazi hii utaipenda, geuza lenzi. Usinunue kitu kingine kwanza.

Raynox

Raynox DCR-250 ni kilenzi cha diopta 8 (diopta ni kipimo cha nguvu ya kioo) kinachobana kwa klipu mbele ya lenzi yoyote yenye nyuzi za filta kati ya milimita 52 na 67. Ndugu yake DCR-150 ana diopta 4.8. Hivi vinafanya kinyume cha pete: vinapenda lenzi ndefu. Hesabu ya DCR-250 ni kugawa urefu wa lenzi kwa 125, lenzi ikiwa imewekwa fokasi ya mbali kabisa. Ile 55–250 ya Canon ikivutwa hadi 250 inakupa mara 2. Ukiirudisha lenzi hiyo kwenye 100 kona za picha zinaanza kuwa nyeusi, na hilo huna la kufanya.

Kwa mdudu aliye hai sijaona kitu kinachoishinda kwa bei yake. Kwanza, unabaki na sentimita 11 hivi mbele ya kilenzi, nafasi ya kutosha kupitisha mwanga na kutomshtua panzi. Pili, kamera bado inaiona lenzi, tundu linafanya kazi, fokasi ya kujiendesha inafanya kazi. Na hapo kuna faida ambayo wengi hawaigundui: kamera za miaka ya karibuni, kuanzia Olympus kadhaa, Nikon D850 ya 2017, Canon RP ya 2019 na nyingine nyingi, zina uwezo wa kupiga picha mfululizo zikisogeza fokasi zenyewe. Uwezo huo unahitaji lenzi yenye mota. Raynox mbele ya lenzi yenye mota, unaupata. Ukinunua lenzi za gharama nitakazozitaja hapa chini, umeupoteza, kwa sababu zote fokasi yake ni ya kusogeza mwili wa kamera.

Ukomo wake ni mara 2, labda mara 2 na nusu ukiwa na 300. Juu ya hapo kingo zinaanza kuonyesha rangi ya zambarau. Kwa fukusi wa mama wa Mwanjelwa, mara 2 ilinionyesha mkonga upo. Haikunionyesha vishimo vya mgongoni.

Laowa 25 au Canon MP-E 65

Hawa ndio mabondia wa uzito wa juu, na swali hili naulizwa kuliko yote.

Canon MP-E 65 ni ya 1999. Inaanzia mara 1 na kufika mara 5 kwa kuzungusha pete moja, ikirefuka kama darubini ya baharia. Tundu lake linaendeshwa na kamera, kwa hiyo unaona mdudu kwa mwanga wa f/2.8 na kamera inabana yenyewe wakati wa kupiga. Shambani hilo ni jambo kubwa. Unaweza kuanza na mara 1 ukamwona siafu mzima, ukapanda hadi mara 3 ukabaki na kichwa. Kasoro zake: ni nzito, ni ghali hata ikiwa imetumika, ni ya mdomo wa Canon EF tu, na kwa mara 5 inakuachia milimita 41 mbele ya kioo, huku kichwa chake kipana kikizuia mwanga.

Laowa 25mm f/2.8 ilitoka 2018. Inaanzia mara 2.5 na kuishia mara 5, haishuki chini ya hapo. Ina gramu 400 hivi, ipo ya midomo mbalimbali ya kamera, bei yake ni sehemu tu ya ile ya Canon. Mbele imechongoka kama pua ya panya, kwa hiyo ingawa nafasi ni ileile ya milimita 40 hadi 45, mwanga unapita pembeni bila shida. Lakini tundu ni la kuzungusha kwa mkono, kila kitu ni cha mkono. Ukibana hadi f/5.6 kioo cha kamera kinakuwa giza na unamtafuta mdudu kama unatafuta sindano usiku. Utahitaji taa ndogo ya kuangazia wakati wa kulenga.

Uamuzi wangu? Kwa mezani, Laowa, bila kusita. Picha zake kwa mara 4 na f/4 ni kali kutoka katikati hadi kingoni, na bei inabaki na chenji ya kununua fleshi mbili. Kwa shambani, kama una Canon na una uwezo, MP-E bado ina raha yake, kwa ajili ya ule uwezo wa kushuka hadi mara 1. Nilikwenda na Laowa Kitulo mwezi wa pili, nikapita zile kona hamsini na saba za kupanda Matamba, nikafika kwenye maua ambayo watu hutoka mbali kuyaona, na lenzi yangu haikuweza kupiga hata ua moja zima. Okidi ya ardhini ya sentimita 2 kwa mara 2.5 ni ukuta wa rangi ya waridi. Siku nzima nikapiga vithripu, vidudu vidogo mno waliojificha ndani ya maua, na upepo wa mita 2,600 ukinitingishia shina. Wenzangu walirudi na Bustani ya Mungu. Mimi nilirudi na matumbo ya wadudu.

(Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Usichume ua wala usikamate mdudu. Mwambie askari wa getini mapema unakuja kupiga nini. Kwa upepo, chomeka kijiti chini kando ya shina na ushikize kwa kibanio cha nguo.)

Lenzi ya hadubini

Hapa ndipo penye utamu wa mezani. Lenzi ya hadubini ya mara 4, ile yenye maandishi 4/0.10 na 160/0.17 ubavuni, inaweza kufungwa kwenye kamera kwa adapta ndogo na pete tupu. Namba 160 ndiyo ya kutazama: inamaanisha lenzi inatengeneza picha yake yenyewe kwa umbali maalumu, na kihisi kinatakiwa kikae milimita 150 kutoka kwenye bega la lenzi. Kamera ya Canon EF tayari ina milimita 44 ndani yake, kwa hiyo unahitaji pete za jumla ya kama 106. Ukiona alama ya ukomo, ile ya nane iliyolala, badala ya 160, hiyo haitoi picha peke yake. Inafungwa mbele ya lenzi ya milimita 200 iliyowekwa fokasi ya mbali kabisa.

Je, ile ya bei rahisi ya mara 4 inaishinda Laowa? Hapana. Namba 0.10, ambayo ni uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, kwa mara 4 ni sawa na kufanya kazi kwa f/20, wakati Laowa kwa mara 4 ikiwa wazi inafanya kazi kwa f/14. Kingo za lenzi ya hadubini ya shule zimefifia pia. Unachopata ni bei. Lakini panda hadi ya mara 10 yenye 0.25: nayo ni f/20 ileile, ila sasa uko mara 10, mahali ambapo Laowa haifiki kabisa. Kwenye kihisi kidogo cha Canon fremu nzima ni milimita 2.2. Fukusi haingii! Unapiga kichwa tu.

Nilimpiga hivyo yule wa Mwanjelwa. Nilimchukua aliyekufa, nikamsafisha kwa brashi ya rangi ya maji na spiriti, maana kwa ukuzaji huo chembe ya unga wa mahindi inaonekana kama jiwe la mto Kiwira. Nikamgandisha kwa tone la gundi kwenye ncha ya pini, nyuma nikaweka kipande cha karatasi ya kijivu. Kilichotokea kwenye kioo kilinikalisha chini: jicho siyo doa jeusi, ni vijicho vingi vilivyopangana kama punje kwenye gunzi; mgongo umejaa vishimo vya mviringo; na kwenye kiwiko cha papasi, kile kipembe cha kupapasia, kinapopinda, kuna vinywele vifupi vya dhahabu.

Bei ya hayo ni uvumilivu. Kina cha fokasi kwa 10/0.25 hakifiki milimita 0.01. Kichwa chenye unene wa nusu milimita, ukisogea milimita 0.007 kila hatua, ni picha 70 na zaidi. Kwa 4/0.10 hatua ni 0.04, mdudu mzima unammaliza kwa picha 30. Pia lenzi za kawaida za mara 10 zinamkaribia mdudu mno, milimita chache tu. Zile za Mitutoyo za viwandani zinaacha zaidi ya milimita 30, lakini bei yake ni ya kununulia pikipiki. Mimi nimezitazama tu.

| Kifaa | Ukuzaji | Nafasi mbele | Mdudu hai? | Mezani? |
|---|---|---|---|---|
| Pete 68 mm + lenzi 50 | kama mara 1.4 | sentimita chache | ndiyo | ndiyo, kwa kuanzia |
| Lenzi iliyogeuzwa 18–28 | mara 2 hadi 3 | kama sm 4 | kwa taabu | ndiyo |
| Raynox DCR-250 + 250 | mara 2 | kama sm 11 | bora kuliko zote | ndiyo |
| Canon MP-E 65 | mara 1 hadi 5 | sm 4 kwa mara 5 | ndiyo | ndiyo |
| Laowa 25 | mara 2.5 hadi 5 | sm 4 hadi 4.5 | kwa mazoezi | bora kwa bei yake |
| Hadubini 10/0.25 | mara 10 | milimita chache | hapana | ndiyo |

Fleshi au taa ya LED

Kwa mdudu hai, fleshi, mjadala umekwisha. Fleshi ndogo ya betri ikiwekwa nguvu ya chini kabisa huwaka kwa muda unaokaribia sehemu 1 ya 20,000 ya sekunde. Mkono wako utetemeke, upepo uvume, picha inakuwa imeganda. Taa ya LED haiwezi hilo isipokuwa uongeze ISO, yaani usikivu wa kihisi, hadi picha iwe mchanga.

Kwa mezani, LED mbili za bei rahisi zinatosha na zina faida ya kukuonyesha kivuli kabla hujapiga. Sharti nyumba isitikisike.

Lakini iwe hii au ile, mwanga mtupu kwenye mgongo wa mende anayeng'aa unatoa vidoa vyeupe vibaya. Kilainisho, kitu cheupe cha kuchuja mwanga, ndicho kinachotenganisha picha ya kuchapisha na picha ya kufuta, na hakihitaji kuagizwa. Nimetumia kikombe cha plastiki cheupe kilichokatwa tako, kikamzunguka mdudu kama banda. Nimetumia karatasi ya kuokea keki, tabaka mbili zenye nafasi katikati. Kanuni ni moja: kilainisho kiwe kikubwa na kiwe karibu sana na mdudu. Fleshi za duara zinazofungwa mbele ya lenzi sizipendi. Zinaacha pete nyeupe kwenye kila jicho, na mdudu anakuwa bapa kama picha ya pasipoti.

Mkono, reli, mota na malori ya Tunduma

Shambani, acha stendi nyumbani. Nenda mwezi wa sita au wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye nyasi za Uyole au pembeni ya chai ya Rungwe. Baridi imewashika, wamelala na umande mgongoni, hawaruki. Shika jani kwa mkono wa kushoto, egemeza lenzi kwenye mkono huohuo, kisha pumua nje polepole huku ukisogea mbele na kupiga. Ukibahatika unapata picha tano hadi nane za kurundika. Kabla ya kupiga magoti, angalia siafu. Kamera iliyotoka kwenye baridi ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia nayo jikoni, la sivyo kioo kinatokwa jasho.

Mezani unahitaji kitu cha kusogeza kamera kwa hatua ndogo. Reli za bei rahisi za njia nne zinafaa hadi mara 2. Juu ya hapo zinalegea na kuinamisha kichwa. Reli ya mota kama WeMacro au StackShot inapiga hatua za mikroni yenyewe wakati wewe unakunywa chai. Katikati ya hizo mbili kuna njia ambayo mimi nimebaki nayo: shingo ya hadubini kuukuu ya shule. Kitufe chake cha kusogeza taratibu, kwenye nyingi, kila mstari ni milimita 0.002. Ukifunga mdudu pale juu badala ya kamera, unapata hatua sahihi kuliko reli yoyote ya bei yake, na haihitaji umeme. Umeme wenyewe unaujua.

Sasa malori. Nilikuwa nikiishi Mafiati, karibu na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Rundo langu la kwanza la mara 10 lilikuwa la picha 80, nililifanya jioni, na lilitoa fukusi mwenye mikonga miwili. Nililaumu programu, nikalaumu adapta, nikalaumu mota ya rafiki niliyoazima. Siku moja nikaweka glasi ya maji juu ya meza, lori la mafuta likapita, maji yakacheza. Kwa mara 10, mtikisiko usioonekana kwa macho unakuwa mruko mkubwa kwenye kihisi.

Dawa ilikuwa tyubu ya pikipiki. Niliijaza upepo nusu, nikailaza sakafuni, juu yake kipande kizito cha zege la kutandazia uani, na juu ya zege ndiyo kamera na mdudu, vyote kwenye ubao mmoja ili vikitikisika vitikisike pamoja. Kisha nikaanza kupiga saa nane za usiku. Kwenye kamera yenye kioo cha kuruka, inua kioo kwanza na weka kuchelewa kwa sekunde 2. Isiyo na kioo, tumia shata ya kielektroniki kama unatumia LED.

Programu ya kurundika

Zerene Stacker na Helicon Focus zote ni za kulipia, zote zina siku 30 za kujaribu bure, na nimetumia zote mbili. Kwa wadudu wenye vinywele na miguu inayopishana, njia ya PMax ya Zerene inashinda. Haipotezi unywele unaopita juu ya mwingine. Kwa kitu laini, mfano jani la parachichi au punje ya kahawa, njia ya DMap ya Zerene au njia A na B za Helicon zinatunza rangi vizuri zaidi, wakati PMax inaongeza chengachenga na kukoleza rangi kupita kiasi. Helicon ni nyepesi kwa kompyuta ya zamani. Za bure zipo, Picolay na Hugin kwa mfano, na kwa rundo la picha 20 zinatosha kabisa.

Ukienda kununua

Ningekuwa naanza upya na fedha kidogo ningenunua hivi: pete ya kugeuzia na fleshi moja iliyotumika mwezi wa kwanza, Raynox mwezi utakaofuata, kisha ningekaa nayo mwaka. Laowa au lenzi ya hadubini ningenunua baada ya kujua kama napenda kukaa mezani usiku.

Lenzi iliyotumika ipimwe kwa tochi. Funga chumba kiwe giza, ingiza mwanga upande mmoja, tazama upande wa pili ukiinamisha polepole. Huku kwetu, Tukuyu hasa, unyevu haulali, na lenzi iliyokaa kabatini masika mbili huota ukungu kama nyuzi za buibui. Muuzaji akikwambia ni vumbi tu, mpe tochi aangalie mwenyewe: vumbi ni vidoti, ukungu una matawi.

Yule mama nilimpelekea picha ya mara 4, imechapishwa ukubwa wa kalenda. Aliishika mbali kidogo na macho, akapitisha kidole kwenye mkonga. "Kumbe ana pua." Akaiweka kando ya mizani, akafungua kiroba kingine kilichokuwa nyuma, kilichojaa unga mwingi kuliko punje. "Sasa na hawa je, baba?" Hao hawakuwa na pua.